Nilimsemesha Mama Akiwa Mochwari

Ndugu msomaji, mkosaji ni mimi, wala sitafuti mtu wa kugawana naye lawama. Nilimkosea mama yangu akiwa hawezi tena kujitetea.

Mama alifariki hospitalini Bunda, mimi peke yangu nikiwa pembeni. Kwa desturi yetu mke huzikwa kwenye mji wa mumewe, na baba amezikwa Butiama. Kinachoweza kubadilisha hilo ni kauli ya marehemu mwenyewe tu. Hiyo hakuna anayeipinga.

Lakini nilikuwa na kinyongo na baba zangu wadogo. Wiki tano mama amelazwa hospitalini, hakuna hata mmoja aliyeleta uji! Nikaapa hawatamzika wao. Tutamzika Suguti alikozaliwa, nao waje wakae nyuma kama wageni.

Mama akiwa bado mochwari, nikapakua programu ya akili mnemba kwenye simu. Nikaipa sauti ambazo mama alikuwa akinitumia, nikaandika maneno, nikabonyeza. Jamani! Mama akaongea, na kikohozi chake kilekile: "Wanangu, mnizike Suguti. Butiama msinipeleke."

Nikaituma kwenye grupu la ukoo. Nikasema, na msibani nikaapa, kwamba alijirekodi siku ya mwisho. Wazee walinuna, kisha wakakubali.

Aliyeumia si wao. Ni mdogo wangu Nyangeta, aliyemuuguza mama nyumbani miezi yote kabla ya hospitali. Msibani alikubali kama wengine. Baada ya miezi miwili akaja kwangu Kamunyonge mchana, akanikuta jikoni nikikaanga sato.

"Kaka, mama nilimkosea nini?"

"Kwa nini unauliza hivyo?"

"Aliniambiaga tumlaze Butiama, pembeni ya kaburi la Nyabise, yule mtoto wake aliyefariki mchanga. Alinishika mkono kabisa, nikamwahidi. Sasa mbona mwishoni alinigeuka? Hakuniamini?"

Mungu wangu! Mimi habari hiyo sikuijua. Nikamwambia ukweli wote palepale, samaki wakiungua. Alitoa simu yake, akaanza kufungua sauti za mama, moja baada ya nyingine, huku ananitazama.

"Na hii?"

"Hiyo ni yake."

"Na hii?"

"Ya kweli, Nyangeta, nakuapia."

"Hata msibani uliapa, kaka."

Akazifuta zote. Nililia kama mtoto.

Nilienda kwa wakili. Akaniambia kueneza uongo mtandaoni ni kosa la jinai, na kumfukua mama kunataka kibali cha mahakama, na maombi yenyewe lazima yaeleze nilichofanya. Jumapili naenda Butiama kuwaambia baba wadogo. Kama ni kufungwa, nifungwe.

Nawasikia vijiweni mnalalamika kwamba sheria za kukataza sauti na picha hizi za uongo zinawabana watu. Acheni zibane! Mimi nilijiona mjanja kwa sababu hakuna aliyeniambia kuwa ni kosa, nami sikutaka kuuliza.

Usimsemeshe mtu neno ambalo hakulisema, awe hai au amekufa. Ukiwa na hasira na ndugu zako, nenda ukawatukane kwa mdomo wako mwenyewe. Tusi utaliombea msamaha. Wa kunisamehe mimi yuko kaburini Suguti, mahali ambapo hakutaka kulala.