Nyanya Alipochutama Majini

Chama cha akina mama wa mtaa wetu huenda mandari mara moja kwa mwaka, na mimi kila mwaka huomba niugue siku hiyo. Si kwamba sipendi chakula wala bahari. Ninaowaogopa ni watu. Mle chamani kila mtu hutazamwa: nani kavaa leso gani, nani kanenepa, binti wa nani kashakuwa mkubwa na bado yuko shule. Nikisalimiwa sauti hunikwama, nikaitika kwa kichwa, na mama hunifinya mkono chini ya buibui.

Mwaka huu sikuugua.

Jumapili asubuhi lori la kukodi kutoka Makupa lilitusubiri karibu na Ngome, maana vichochoro vyetu havipitishi gari. Lilifungwa turubai pande zote ili tusionekane. Tulipanda na masufuria ya biriani, makapu ya mahamri, ngoma, upatu na watoto wachanga, tukakaa sakafuni gizani, magoti ya huyu mgongoni mwa yule.

"Kama mbuzi wa Idi," alisema mama mmoja.

"Mbuzi afadhali, huona njia," alijibu mwenzake, na lori zima likacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimebanwa baina ya mama na nyanya, na nyanya alikuwa ameshika mkono wangu. Nyanya ni mamake baba. Nimelala chumbani mwake tangu nilipoachishwa ziwa, na ndiye pekee ambaye nikizungumza naye maneno hunitoka bila kuyapanga. Mguu wake mmoja ni mbovu tangu alipoanguka ngazini, lakini mandari haikosi.

Tulikwenda Tudor, upande ule wa kisiwa ambapo mashamba ya minazi huteremka mpaka kwenye mkono wa bahari. Dereva aliambiwa abaki juu barabarani, asishuke hata akisikia nini. Majini palikuwa na mwanamume mmoja ndani ya mtumbwi, anavua kwa mshipi. Alikuwa mtu wa bara, amevaa kaptula ya kazi kama wanazovaa makuli wa bandarini. Mkuu wa chama, bibi mwenye sauti ya kuamrisha ambaye mtaa mzima humwita Shangazi, alishuka mpaka ukingoni.

"Baba, samahani. Leo hapa pana wake za watu, wanataka kuoga. Tafadhali sogea."

"Nisogee mpaka wapi, mama?"

"Mpaka tusipokuona, nawe usituone."

Yule bwana alicheka, akachukua kafi, akapotelea nyuma ya mikoko. Hapo ndipo mabuibui yalipovuliwa. Yalirundikwa yote chini ya mnazi mmoja, lundo jeusi lenye kimo cha mtoto, na wanawake wakabaki na leso zao za rangi. Kila mwaka mimi hushangaa kuona jinsi wanavyogeuka. Mama yangu, ambaye nyumbani hasemi neno bila kutazama mlango, alianza kuimba.

Sasa lazima nieleze jambo moja. Kwetu mkwe na mkaza mwana hawaogi mahali pamoja. Mama hawezi kuingia majini na leso imemgandama mwilini mbele ya mama wa mumewe, na nyanya naye hawezi. Basi desturi ya chama ni kwamba vijana huoga ufukweni, na wazee huvuka kwenda kwenye fungu, kisiwa cha mchanga kinachojitokeza katikati maji yakipwa. Siku hiyo ilikuwa ya bamvua, ambapo maji hupwa sana na hurudi kwa nguvu, na yalikuwa yamepwa mbali sana. Mkondo wa katikati haukuwafika magotini. Wazee watatu walivuka taratibu, nyanya akiwa katikati amewashikilia wenzake wawili, mmoja amebeba bakuli la liwa ya kujisugulia. Waliacha mabuibui yao lundoni yasirowe.

"Mkichoka tupungieni leso," Shangazi aliwaambia. Hakuna aliyefikiri kwamba leso ndiyo hiyo hiyo hupungwa ngoma ikikolea.

Niliingia majini kidogo, nikarowa, nikatoka, nikaketi kando na gauni langu la maji. Ngoma ilikuwa imeanza. Walijipanga mistari miwili, upatu ukilia, mmoja anatoa wimbo na wengine wanapokea. Niliitwa mara mbili nikacheze, nikajifanya naumwa na kichwa. Kwa kuwa sichezi, macho yangu yalikuwa na kazi moja tu, kumtazama nyanya. Alikuwa ameketi mchangani, wenzake wanamsugua mgongo. Nilimwonea raha.

Kisha nikaona wamesimama. Nikaona leso zinapungwa.

"Waone wazee," alisema mmoja wa wachezaji, "leo wametushinda." Wote wakapunga leso kuwajibu, wakapiga vigelegele, na mpiga ngoma akaongeza mkono. Kule funguni wakapunga zaidi. Huku tukapiga zaidi.

Nilitazama miguu ya nyanya na sikuiona. Nilidhani ni jua linaloakisi juu ya maji. Nilifunga macho, nikayafumbua, na bado nyanya hakuwa na miguu. Mchanga aliokuwa ameukalia haukuwapo tena. Watatu wale walikuwa wamesimama juu ya maji matupu, na katikati yetu na wao mkondo ulikuwa umepanuka, umekuwa rangi ya buluu iliyokoza, unabeba majani ya mikoko kwa kasi.

Nitasema kweli. Nilijua, na sikusema. Si muda mrefu, labda ni wimbo mmoja tu kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini niliketi pale na ulimi wangu umekufa. Niliwaza: je, kama nimekosea? Nisimamishe ngoma ya watu wazima, kisha Shangazi aniambie, "We mwanafunzi, ndiyo unayofunzwa hayo?" Niliogopa mambo mawili kwa pamoja, na sikujua lipi lilikuwa kubwa. Mwishowe nilikwenda nikavuta leso ya mama kwa nyuma.

"Ee, una nini nawe?"

"Nyanya," nilisema. "Maji."

Mama aligeuka. Mlio alioutoa sijapata kuusikia, na upatu ukanyamaza wenyewe. Hapo ndipo tuliposikia sauti za kule. Hazikuwa nyimbo.

Mama aliingia majini mpaka kifuani, mkondo ukamwondoa miguu, wanawake wanne wakamvuta nyuma. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua kuogelea, tunajua kujimwagia tu. Shangazi alikuwa amejishika kichwa. "Yule bwana wa mtumbwi," alisema. "Nimemfukuza mwenyewe." Kisha akauliza, "Nani yuna mbio?" Na wote wakanitazama mimi.

Nilikimbilia lundo. Mnisamehe, lakini kwenda kwa mwanamume kichwa wazi hakukunijia hata akilini. Nilivuta buibui la kwanza lililonijia mkononi, na likawa la mama mnene kuliko wote chamani, la kamba, la mtindo wa zamani, pana kama turubai la lori. Nilijitia ndani, nikalikusanya kwa mikono yote miwili, nikakimbia kwenye matope ya mikoko. Nilianguka sijui mara ngapi.

Mtumbwi ulikuwa umefungwa kwenye mzizi, na yule bwana amelala chali ndani yake, kofia usoni. Nilisimama. Nyanya wangu alikuwa anazama, na mimi sikujua mwanamume mgeni huamshwa vipi. Nikasema, "Hodi."

Hakuamka. Nikasema tena, "Hodi," kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia sawasawa. Mara ya tatu ilitoka kama mtu aliyekanyaga moto. Aliondoa kofia.

"Karibu," alisema, akanitazama nilivyo, tope jeusi juu ya kitambaa cheusi. "Msichana, kuna nini?"

"Nyanya yangu yuko funguni."

Hakuuliza la pili. Alitazama maji, akasema, "Ingia." Na mimi niliingia. Sijawahi kuketi karibu hivyo na mwanamume asiyekuwa wa kwetu. Nilishika kingo za mtumbwi na nikatazama vidole vyangu njia nzima, nikisoma kila dua niliyofunzwa katika chuo cha Kurani, nyingine nikizichanganya.

Tulipotoka nyuma ya mikoko niliwaona. Maji yalikuwa yamewafika kiunoni, na nyanya, ambaye ni mfupi, yalimpita kifua. Walikuwa wameshikana mikono. Nikafurahi, kwa sababu walikuwa bado wamesimama. Kisha walimwona mwanamume ndani ya mtumbwi, na wote watatu wakachutama.

Walichutama hadi shingoni. Kila tulivyokaribia, walizidi kushuka. Wimbi dogo likija, vichwa vilifunikwa, vikatokeza tena vinakohoa.

"Mama, simameni!" alisema yule bwana. "Maji inakuja!"

"Mgeuze uso!" nyanya alinipigia kelele. "Mgeuze uso, ndipo tusimame!"

"Anasema nini?"

"Anasema ugeuke," nikamwambia.

Aligeuka, masikini. Akapiga kafi anatazama nyuma, na mkondo ukatuchukua, tukawapita. Niliona uso wa nyanya ukipita kando yangu, karibu kiasi cha kuugusa, mdomo umefungwa kwa nguvu, na sikuugusa. Yule bwana alilaani kwa lugha ya kwao, akageuza mtumbwi, akapambana na maji mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

"Dada yangu," alisema, "safari hii nitatazama ninakokwenda. Kama hawataki kuonekana, wafunike na kitu."

Kitu kilikuwa kimoja tu, na nilikuwa nimekivaa mimi. Ndani yake nilikuwa na gauni lililorowa, limenigandama, na nywele zisizofunikwa. Nililivua. Naandika haya na bado masikio yananipata moto. Nililivua mbele yake, nikalikunja, na tulipofika nikawarushia.

Walijitia chini yake wote watatu pamoja, wakainuka kama hema. Yule bwana alishukia majini upande wa mbele, akaushika mtumbwi, uso ameuelekeza bandarini. Wa kwanza alipanda kwa nyuma, nikimvuta. Wa pili akapanda. Nyanya mguu wake ukakataa. Aliunyanyua, ukarudi; akaunyanyua tena, buibui likajaa maji, likamfunga miguu, na akaenda chini. Hakupiga kelele. Palibaki kitambaa tu, kinavimba juu ya maji.

Niliikamata kamba ya buibui. Ndiyo niliyoiona. Niliishika kwa mikono miwili na nikaita, si nyanya, bali yule bwana, kwa neno ambalo sijui lilitoka wapi: "Kaka!"

Aliuacha mtumbwi, akapiga mbizi kando yangu, akaibuka naye mikononi, amezongwa kitambaa cheusi kutoka kichwani hadi vidoleni. Na macho ya yule bwana, wallahi niliyaona, yalikuwa yamefungwa. Alimweka mtumbwini akiwa amefumba macho, kwa kupapasa.

Ufukweni walimlaza ubavu, akatapika maji. Mama alikuwa anamkanda mgongo na analia, "Nisamehe mama, ni kwa ajili yangu ulivuka," wala hakuna aliyekumbuka kwamba leso zao wote wawili zilikuwa zimerowa. Shangazi alinifunika leso nne. Yule bwana alikuwa amesharudi nyuma ya mikoko mwenyewe, bila kuambiwa, na Shangazi alimpelekea sinia zima la biriani, alilibeba kwa mikono yake.

Nyanya alipofungua macho alinitafuta mimi. Nilidhani ataniombea dua.

"Nani kakwambia uvue buibui mbele ya mtu?"

"Wewe ulikuwa unazama, nyanya."

"Nimekuuliza nani kakwambia." Kisha akaushika mkono wangu, na hakuuachia ndani ya lori, wala vichochoroni, wala usiku wote alipolala.

Baba hakuambiwa. Wanawake thelathini wanajua na hakuna mwanamume hata mmoja anayejua, na hilo peke yake hunitisha nikilifikiri. Chama kimeshakaa kikao. Wapo waliosema mandari ijayo iwe ya nchi kavu. Nyanya akasema haiwezekani, mandari bila maji si mandari, na yeye atavuka kwenda funguni vile vile, ila safari hii atachukua buibui lake. Wote walicheka. Mimi nilitoka nje.

Kwetu bafu liko nyuma ya ngazi, na nyanya huoga kila jioni kabla ya magharibi, kwa ndoo na kata. Tangu siku ile mimi huketi kwenye kidaraja cha chini cha ngazi na kitabu changu cha shule, ninajifanya nasoma. Nasikiliza kata ikichota, maji yakimwagika, kata ikichota. Yakikatika kidogo, mimi hufunga kitabu. Labda anajisugua tu. Labda anatafuta sabuni. Nangoja, na maji hayasikiki, na nashindwa kungoja.

"Hodi," nasema mlangoni.

"Mimi mzima," nyanya hujibu kutoka ndani. "Enda zako ukasome."

Kisha maji humwagika tena, na mimi hurudi kuketi pale pale.