Mama Alikuwa na Jumuiya Yake

Simu yangu ilianza kuita kabla hatujatoka hospitali alikofia mama, na kila aliyepiga, baada ya kunipa pole, aliuliza msiba uko wapi. Nilijibu bila kufikiri: Chamazi, nyumbani kwa mama. Kaka yangu alikuwa amesimama upande wa pili wa korido na simu yake sikioni, akiwajibu wa kwake: Mbezi Beach, nyumbani kwangu, karibuni sana, maegesho yapo.

Neno maegesho ndilo lililonifanya nigeuke.

"Kaka, mama ana nyumba," nikamwambia alipokata simu.

"Ile ni ya kuleta watu, bwana? Uwanja wenyewe uko wapi? Mabosi wangu nikawakalishe kwenye mchanga?"

Tumezaliwa wawili, naye ndiye mkubwa. Baba alishatangulia. Mkubwa akishasema msiba upo kwake, watu hufuata, na mimi asubuhi ile sikuwa na nguvu ya kugombana mlangoni pa chumba cha maiti. Nikaenda nyumbani kubadilisha nguo. Hasira ilinikuta njiani.

Mama alitoka Songea na baba wakati sisi hatujaanza shule, na alipobaki mjane alijenga Chamazi, pembezoni mwa jiji. Huko alikuwa na jumuiya yake: familia za Kikatoliki za mtaa mmoja, zinazokutana Jumamosi alfajiri kusali, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Asiyeishi maisha hayo hudhani ni kikundi cha kuimba. Jumuiya ndiyo inayojua nani anaumwa na nani amegombana na mumewe, na mtu akifa ndiyo inayokwenda kwa paroko kumwambia, huyu ni wetu. Mama alipolala kitandani, kinamama wa jumuiya walimwogesha na kumgeuza, na kila Jumapili walihakikisha analetewa Komunyo. Kaka alikuja na matunda. Akapiga picha ameshika mkono wa mama, akaiweka mtandaoni na maneno "Mungu ni mwema".

Mama aliwaomba jambo moja wale kinamama, nami nikiwa nimekaa palepale miguuni pake. "Nikifa, msiniache nikaondoka kimyakimya," alisema. "Mnitoe hapa hapa, kwa rozari." Kaka aliambiwa. Niliyemwambia ni mimi.

Jioni nilipofika Mbezi Beach nilikuta mahema meupe, viti vilivyovishwa vitambaa, na skrini inayopitisha picha za mama. Vijana waligawa fulana zenye sura yake. Kulikuwa na mshereheshaji, yule yule aliyesimamia harusi ya kaka, safari hii kavaa suti nyeusi. Wageni walisalimiana, wakaulizana habari za viwanja na shule za watoto. Sikumwona mtu hata mmoja mwenye rozari mkononi. Giza lilipoingia nikamfuata kaka.

"Wanajumuiya wanafika saa ngapi?"

"Jumuiya gani?"

"Ya hapa kwako."

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza bomba la maji lipite wapi. "Si watakuja tu? Misibani si huwa wanakuja?"

Kaka yangu, aliyebatizwa, aliyepata kipaimara, aliyefunga ndoa kanisani kwa mbwembwe, aliamini kwamba sala huja na msiba kama yanavyokuja maji ya chupa. Ameishi mtaa ule miaka na jumuiya ya pale hawamfahamu. Nilitoka nikamtafuta mwenyekiti wao, mzee mmoja mstaafu, nyumba ya tano kutoka kwa kaka. Nilimwamkia, akanikaribisha ndani.

"Poleni sana, mama. Tutakuja kuwapa pole kama majirani," alisema kwa upole. "Lakini kuongoza, hapana. Marehemu ana wenzake. Nimeshaongea na mwenyekiti wake wa Chamazi. Wametandika mikeka, wanausubiri mwili. Hata paroko wao anasubiri kauli yao. Nyie mmeuleta msiba huku kwa sababu gani?"

Nikamshukuru, nikaaga kabla sijamtukana kaka yangu mbele ya mtu mzima.

Niliporudi, mshereheshaji alikuwa ameshika kipaza sauti. "Wapendwa, programu yetu ni fupi. Tutakuwa na neno la Mungu kidogo, dakika tatu, halafu tunasherehekea maisha ya mama yetu. Makofi kwa mama!"

Wakapiga makofi.

Hakuna aliyepanda jukwaani kusema hakuna Mungu. Watu wa mji huu hawasemi hivyo. Gari la kaka lina rozari inayoning'inia kwenye kioo, na kadi zake zote za michango zinaanza kwa kumshukuru Mwenyezi. Mungu anaalikwa kila mahali kama mgeni rasmi, anapigiwa makofi, kisha anawekewa dakika. Ningemheshimu zaidi mtu anayekana waziwazi.

Kaka alimnong'oneza mshereheshaji. Mshereheshaji akatafuta kitu kwenye simu yake, akaichomeka kwenye spika. Rozari iliyorekodiwa ikaanza kusikika, sauti ya mwanamke nisiyemjua na kundi linalomwitikia. Chini ya mahema watu wachache waliitikia, wengine waliendelea kuchati. Tulipofika katikati ya Salamu Maria, sauti ikakatika, na kwenye spika hiyo hiyo kijana mwenye furaha akatangaza kwa kelele kwamba leo ndiyo siku ya kubeti mechi zote kubwa na kuondoka na mamilioni.

Mtu mmoja alicheka. Nilitembea hadi kwenye spika nikachomoa waya.

"Unanidhalilisha mbele ya watu," kaka aliniambia nyuma ya jiko, akinikamata mkono.

"Mimi? Tangazo la kubeti kwenye rozari ya mama, mie ndiye ninayedhalilisha?"

"Dada, elewa. Watu siku hizi hawana muda wa masala marefu. Wapo wa dini zote hapa, na wasio na dini wapo. Unawapa kitu kifupi, cha kistaarabu."

"Hawajaja kuzikwa wao. Anayezikwa ni mama."

"Mama hasikii."

Alilisema taratibu, bila ubaya, kama mtu anayesoma hali ya hewa. Nilijua hapo kwamba tulikuwa tunagombania jambo kubwa kuliko mahali pa kuweka mahema. Nikamwambia nimetoka kwa mwenyekiti, na kwamba bila jumuiya ya Chamazi asitarajie padre. Hilo lilimwingia. Mabosi wake walishaambiwa kutakuwa na misa.

"Basi tutapita huko kesho," akasema. "Nusu saa. Halafu mwili unakuja hapa, watu waage."

Asubuhi tulipofika Chamazi na jeneza kutoka hospitali, mtaa mzima ulikuwa umefagiwa. Mikeka ilijaa uwanja wa mama na ikamwagika hadi kwa jirani yake Mwislamu, bibi ambaye tangu usiku alikuwa kwenye masufuria ya wali. Nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Sie tumekesha hapa na jeneza hatulioni," alisema. "Nikawauliza wenzake, hawa watoto wamemficha wapi mama yao? Kwani hamumsalii?" Kisha akamtazama kaka, aliyebaki karibu na gari na miwani yake ya jua. "Na wewe bwana harusi, ingia ndani. Hatung'ati."

Kinamama walicheka, wakalipokea jeneza. Mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamuru, alimwita kaka aje mbele. Kwao mtoto wa kwanza ndiye anayeongoza tendo la kwanza la rozari ya mzazi wake, Baba Yetu moja na Salamu Maria kumi. Kaka alivua miwani. Baba Yetu aliimaliza. Salamu Maria ya kwanza na ya pili alizimaliza. Kisha akapotea, hakujua amefika ya ngapi wala kinachofuata, akaingiza mkono mfukoni na kutoa simu.

"Weka simu, baba," mwenyekiti akamwambia. "Fuata tu."

Sauti za kinamama zikamfunika. Hawakumsubiri. Midomo yake ilikuwa inacheza, lakini nilikuwa karibu naye na sikusikia neno likitoka.

Nusu saa ilipita. Simu ilianza kutetemeka mkononi mwake; mshereheshaji alikuwa anauliza mwili umefika wapi. Kaka akamwambia mwenyekiti kwamba kuna watu wanasubiri Mbezi Beach.

"Waambie waje kanisani," mwenyekiti akajibu huku akifunga kanga yake vizuri. "Mwili unatoka hapa unakwenda kwa paroko, kwa paroko unakwenda makaburini. Hatumzungushi mtu mjini kama mzigo."

Wakabeba jeneza wakaondoka nalo wakiimba. Mama alitoka nyumbani kwake kama alivyoomba. Wageni wa Mbezi Beach, wale waliokuja, walikuta misa iko kwenye mahubiri, wakasimama nyuma na fulana zao mpya.

Nilidhani hasira ingeishia makaburini. Jioni kaka alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya uchovu, nikajiandaa kumsikiliza.

"Wale kinamama wanaimba vizuri sana," alisema. "Una video yoyote? Nitumie niweke kwenye ukurasa wangu."

Nilimwambia sikurekodi. Nilimwambia wanakutana Jumamosi alfajiri, wiki hii ni kwa mwenyekiti, nyumba yenye geti la bluu, aende akawasikilize mwenyewe.

"Alfajiri? Chamazi?" akacheka. "Acha utani, dada."

Mimi nilikwenda. Walinipa mkeka wa mbele, pale mama alipokuwa akikaa. Hadi leo yeye hajaenda, na picha ya mkono wa mama bado iko kwenye ukurasa wake, watu wanaandika amina.