Mdogo wangu alijibu "sijambo", mashine ikamrudisha kazini

Admin, jina langu liweke mfukoni, kazi bado naihitaji.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mzaliwa wa Tanga, nasafisha vyumba hotelini West Bay hapa Doha. Mdogo wangu, nimwite Mwana, tulikuwa naye kazi moja na chumba kimoja Muaither, mpaka alipofariki mwezi uliopita.

Asubuhi hiyo aliamka kifua kinambana. Nikampeleka zahanati ya kampuni. Siku hizi pale husikilizwi na daktari, kuna tableti. Unachagua lugha yako, inakuuliza, unajibu, inawasha kijani au nyekundu. Ikamuuliza kwa sauti nyororo, "Hujambo?" Na nyie mnajua tulivyolelewa. Hata roho ikiwa kooni, salamu unaijibu kwanza. Mwana akasema, "Sijambo, alhamdulillah. Ila kifua kinanibana, na mkono huu umekufa ganzi."

Ikawaka kijani.

Nikamwambia nesi, "Hiyo ni salamu tu! Sikilizeni alichosema baadaye!" Akanipungia mkono. "Khalas, sista. Mashine imesema mzima."

Mwana alianguka akitandika kitanda cha mgeni. Hakuamka. Msimamizi akaniuliza kama naweza kukimalizia kile chumba.

Juzi akaja mtu wa kampuni iliyotengeneza ile tableti. Hata haya hana! Anasema Kiingereza na Kiarabu walivijaribu kwa wagonjwa wa kweli, Kiswahili walikitafsiri tu ofisini. Yaani jamani, sisi majaribio yetu ni kufa! Sasa wanataka sauti ya Mwana, ile tableti iliyoirekodi asubuhi ile, waifundishie mashine, maana ndiyo hiyo hiyo inayopelekwa hospitali za kwetu. Ila lazima mama mzazi aisikilize kwanza, akubali.

Na mama siku ya msiba aliniuliza kwenye simu, "Mwanangu alisemaje mwisho?" Nikamjibu, "Alisema hajambo, alhamdulillah." Mama akashusha pumzi. "Basi hakuteseka." Neno hilo ndilo linalompa usingizi. Kila anayekuja kumpa pole anamsimulia.

Nikimpa sauti asikilize, atasikia na yaliyofuata. Nikikataa, tableti itafika Tanga hivyo hivyo.

Ndugu zangu, nipeni akili, mimi zangu zimeisha. Mama ana presha. Siku mashine itakapomuuliza hujambo, najua atakavyojibu.