Chapati ya Kwanza ni ya Ng'ombe

Harufu iliyoniamsha asubuhi za utoto wangu ilikuwa ya samli ikikutana na chapati kwenye chuma cha moto. Ilipanda ngazi kutoka ghorofa ya kwanza hadi ya tatu, ikapita chini ya mlango wetu bila kupiga hodi, ikanikuta kitandani nikihesabu nyufa za dari. Zilikuwa kumi na saba. Nilizihesabu tena, maana hata nyufa mtu anaweza kupunjwa. Tulikaa Chaussée de Wavre, mtaa wa Brussels, juu ya duka la vyakula lililokuwa na unga wa muhogo, mawese, ndizi za kupika, dengu, na pilipili za kila kiwango cha adhabu, ila hukupata humo kopo hata moja la nyama ya ng'ombe. Wateja waliuliza, mwenye duka akatikisa kichwa, wakatoka wakinung'unika kwamba Mhindi huyu biashara imemshinda. Biashara aliijua vizuri sana. Tatizo lake lilikuwa mama yake, aliyekaa ghorofa ya kwanza na kushuka kila siku kukagua rafu.

Mama huyo sote tulimwita Ba, yaani bibi kwa Kigujarati. Alizaliwa na kukulia Tabora, akaja Brussels uzeeni kumfuata mwanawe baada ya kufiwa na mume. Kifaransa kilimkataa, naye akakikataa, wakaachana kwa heshima. Lakini Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama uzi wa fundi. Mama yangu, mzaliwa wa Lubumbashi aliyesuka watu nywele pale Galerie d'Ixelles, alisema muntu na mutoto na kuchomeka Kifaransa kila palipobaki nafasi. Ba alisema mtu na mtoto, na kunisahihisha mpaka nikanuna. Kwa hiyo Kiswahili hiki unachokisoma nilifundishwa na bibi wa Kihindu, jikoni, nchini Ubelgiji. Sijawahi kumpata mtu wa kunishangilia wala wa kunihurumia kwa hilo.

Kila asubuhi chapati ya kwanza kutoka motoni Ba aliitenga kando. "Ya kwanza ni ya ng'ombe," alisema, "ya mwisho ni ya mbwa, za katikati ndizo zetu." Kwao Tabora ng'ombe walipita karibu na mlango, ukinyoosha mkono umemaliza ibada. Chaussée de Wavre ng'ombe hapiti, labda akiwa amekatwa vipande. Hivyo Ba alizikusanya zile chapati katika mfuko wa kitambaa, na Jumapili zilikuwa saba, zimekauka kama vigae. Mwanawe Jumapili alipanga mizigo dukani, kwa hiyo mwaka niliotimiza miaka kumi, majani yalipoanza kurudi mitini, Ba alipanda hadi kwetu kuniazima. Alihitaji mtu wa kumsomea vibao na kumsemea Kifaransa. Mama alinitazama kama anayekabidhi chombo cha kioo. "Bon, muende. Lakini umushike Ba mukono mu metro, na usikimbie-kimbie, donc ukuwe na akili."

Tulipanda metro, treni ya chini ya ardhi, hadi Anderlecht, kisha tukatembea hadi Neerpede, mahali ambapo jiji linachoka na kuyaachia mashamba nafasi. Kulikuwa na ng'ombe kumi na wanne nyuma ya waya. Nilihesabu mara mbili. Ba aligusa paji la uso la aliye karibu, kisha akagusa lake mwenyewe, akaanza kumega chapati. Wa kwanza kupewa alikuwa mmoja mwekundu mwenye pembe moja iliyovunjika, mpole mno, ambaye tangu siku hiyo alituona kwa mbali na kuja bila kuitwa. Mwenye shamba alikuja pia, ila yeye kutufukuza. Nilimweleza kwa Kifaransa tulichokuja kufanya. Akainusa chapati, akasema ng'ombe wake wanakula vizuri kuliko yeye, akaondoka. Tukahesabu hiyo kuwa ruhusa.

Njiani kurudi, karibu na kituo, kulikuwa na kibanda cha chipsi. Nilikuwa na njaa ile ya mtoto, isiyo na mshipa wa aibu. Ba hakula nyama, samaki wala mayai, na nje ya jiko lake alikula kwa mashaka, lakini viazi vilikuwa udhaifu wake. "Mungu kanikataza mengi," alisema, "viazi hakuvitaja." Akasimama mbele ya kibanda, akanigusa bega. "Muulize, anakaangia mafuta gani?"

Niliuliza. Muuzaji alijibu kwa fahari: mafuta ya ng'ombe, bila shaka, ndizo chipsi za kweli hizo, nyingine ni maigizo. Nilimsikia vizuri kabisa. Harufu ilikuwa imenishika kola. Nikageuka kwa Ba na kusema, "Ya alizeti."

Hilo tu. Maneno mawili. Nilijiambia kwamba kilicho tumboni mwa mtu bila yeye kukijua hakina jina. Nilijiambia pia kwamba mafuta si nyama, na kwamba yule ng'ombe alikwisha kufa hata hivyo, hasara ya pili haipo. Nilikuwa mtoto wa mtaa wa maduka: nilijua kutafuta hoja ya kila bei. Ba alitoa kikopo kidogo cha pilipili mkobani, akainyunyiza juu ya chipsi mpaka muuzaji akapiga chafya, akala akiwa amefumba macho. Akasema Wabelgiji wanaonewa, si watu wabaya hata kidogo.

Ikawa desturi yetu. Jumapili baada ya Jumapili, chapati kwa ng'ombe, kisha chipsi kwetu. Ubaya ni kwamba nilikuwa mdadisi, na kadiri nilivyodadisi ndivyo zile chipsi zilivyozidi kunikwama kooni, ingawa sikuacha kuzila. Nilimuuliza Ba kwa nini ng'ombe. Akaniuliza, "Mama yako alikunyonyesha miaka mingapi?" Nikasema sijui, labda miwili. "Basi ng'ombe anakunyonyesha mpaka unazeeka. Anayekunyonyesha unamwitaje?"

"Mbuzi naye ana maziwa," nikasema.

"Ana."

"Na ngamia."

"Ngamia pia."

"Sasa mbona ng'ombe peke yake?"

"Mbuzi hana adabu," alisema Ba, "na ngamia ana kinyongo. Wewe unataka kunipunguzia bei ya nini, dikri?" Dikri ni binti. Aliniita hivyo kila nilipobishana, yaani muda wote.

Kisha akanieleza, bila haraka, tukiwa tumeegemea waya. Mababu zake walikuwa wakulima. Dume la ng'ombe lilivuta jembe, jike likatoa maziwa, mtindi na siagi; samli ikawasha taa ya sala, samadi ikasiriba sakafu na kupikia chakula. Mtu akila ng'ombe kwa njaa ya siku moja, amekula shamba, kuni na taa ya nyumba yake. Wahenga wa pwani wanasema mla mbuzi hulipa ng'ombe. Nilimuuliza mla ng'ombe hulipa nini. Ba akasema hapo ndipo hesabu inapokosa chenji. Lakini akanionya nisidhani ni suala la faida tu, maana mambo ya faida mtu huyaacha faida ikiisha. Krishna, bwana anayempenda kuliko wote, alilelewa na wachungaji, akachunga ndama na kuiba siagi jikoni kama watoto wote. Kuna Kamadhenu, ng'ombe wa mbinguni anayetoa kila unachoomba, na ndani ya mwili wa kila ng'ombe, wazee wanasema, miungu wote wamepata makao. "Si kwamba tunamsujudia huyu kama Mungu," alisema, akimwonyesha yule mwenye pembe moja, aliyekuwa anatafuna chapati ya Jumanne. "Tunamheshimu kwa kuwa anaweza kutupiga teke akatuua, na badala yake anasimama kukamuliwa. Ukijizoeza kutomdhuru huyu, mkono wako unajifunza kutomdhuru yeyote." Baadaye, ukubwani, nimesoma kwamba wataalamu wanabishana lini na vipi heshima hiyo ilianza, na kwamba si Wahindu wote wanaoishika sawasawa. Huenda. Mimi nilimsikia mmoja, na mkono wangu ulikuwa haujajifunza.

Ningeweza kumwambia Jumapili yoyote. Kila mara niliiahirisha hadi inayofuata, na kila iliyofuata iliongeza mzigo wa kuungama. Ng'ombe haelemewi na nunduye, husemwa. Mimi nundu yangu ilinielemea, lakini si kiasi cha kuacha chipsi.

Jumapili ya kumi na tatu ng'ombe walikuwa kumi na watatu. Nilihesabu tena. Mwekundu hakuwepo. Ba alisubiri na chapati mkononi, akaangalia hadi mwisho wa shamba, kisha akanituma kwa mwenye shamba. Yule mzee hakuwa mkatili. Alisema amezeeka, maziwa yamekauka, lori lilikuja Alhamisi. Kabla sijafungua kinywa kutafsiri, Ba aliinua kiganja. Alikuwa ameona mikono ya yule mtu ilivyoonyesha barabara. Alimega ile chapati vipande kumi na vitatu, akagawa, na machozi yalimtoka bila sauti, akiyafuta kwa ncha ya sari iliyochungulia chini ya koti.

Tulifika kwenye kibanda. Kwa mazoea Ba aliinua vidole viwili, na muuzaji akatupatia mbili. Alinyunyiza pilipili yake. Alikuwa amekwisha tia kipande kimoja kinywani nilipokuta sauti yangu imetoka.

"Ba, ni ya ng'ombe. Mafuta."

Aliacha kutafuna. Akatoa leso, akakitema humo taratibu, akaikunja mara nne.

"Umejua lini?"

"Siku ya kwanza. Aliniambia."

"Tumekula mara ngapi?"

"Kumi na moja."

Ba alihesabu kwa kidole gumba, akipita pingili za vidole vyake, tatu tatu, kama walivyozoea kwao. "Kumi na mbili," alisema. "Umesahau ile ya mvua, tulipokula ndani ya kituo."

Hakunigombeza. Kwenye metro alinipa mkono kwa kuwa tulimwahidi mama, na mkono ulikuwa pale, yeye hakuwa. Siku mbili hakula kitu. Mama alipouliza, Ba alisema ni mfungo wake tu. Akanifichia, mimi niliyemficha. Siku ya tatu aliniita jikoni, akanipa chapati ya katikati yenye samli, akasema, "Nimekusamehe, dikri. Ulikuwa na njaa." Alimaanisha. Ba hakuwa mtu wa kusema jambo kwa ajili ya kupamba.

Lakini zamani kila pakiti iliyoingia mikononi mwake aliniletea nimsomee, biskuti, jibini, hata dawa ya kikohozi. Baada ya hapo aliziweka juu ya meza, akasubiri mwanawe afunge duka na kupanda. Nilikuwepo palepale, macho yangu mazima, nikijua kusoma. Nilimwona akisubiri kwa muda wa saa nne mbele ya pakiti moja ya biskuti.

Siku hizi nina duka langu mtaa uleule, na vitu vimekuwa rahisi. Pakiti zinaandikwa kila kilichomo, simu inatafsiri, vibanda vingine vimebandika tangazo kwamba mafuta yao ni ya mimea. Ba wa leo asingehitaji mtoto wa jirani. Wateja wananiuliza ndani mna nini, nawajibu, wanaweka kwenye mfuko bila kusoma, nami huwa natamani wasome. Mwanawe Ba alihamia mji wa Leicester akaenda naye. Mwaka wa mwisho wa uhai wa Ba nilimpelekea boksi la chokoleti, nikiwa nimepitia kila kiungo: hakuna yai, hakuna jelatini ya mifupa, nikaandika hivyo kwa mkono wangu juu ya kifuniko. Tulizungumza kwa simu ya video. Alinibariki, akaniuliza habari za mama, akaliinua boksi nilione limefika salama. Kisha akamgeukia mjukuu wake, akasema kwa Kigujarati, polepole, maneno ambayo ni katika machache niliyobaki nayo: soma, ndani mna nini. Kijana akasema imeandikwa hapo juu, Ba. Akajibu kwamba hapo juu ameona, asome maandishi ya kiwandani.

Sikuweza kumlaumu. Nami ningemwambia hivyohivyo.