Kaburi la Tatu Kutoka Mlangoni

Niliacha shule darasa la tatu, huko bara ya Lindi, kwetu Umwera. Miaka mitatu ni michache, lakini ilitosha kunifundisha kwamba kabla ya Wazungu kufika nchi hii ilikuwa pori tupu. Niliamini hivyo mpaka siku nilipovushwa kwa mtumbwi kwenda Kilwa Kisiwani, nikasimama ndani ya jumba la wafalme, lenye birika la kuogea la mawe na vyumba ambavyo sikuweza kuvimaliza kuvihesabu. Huu ulikuwa mji mkuu, wenye amri pwani yote mpaka Sofala, na hakuna mwalimu aliyenitajia. Filamu yangu ya kwanza niliinunua kwa hasira.

Kamera nilikuwa nayo tayari, ya sanduku, niliyoachiwa na Mgiriki mmoja wa shamba la mkonge alipohama. Kazi hazikunikalia. Nilikata mkonge, nikapakia chumvi, nikawa taniboi wa malori ya Nangurukuru, na kote huko sikumaliza mwaka. Jambo moja tu sikuliacha. Kila masika yakiisha, popote nilipokuwa, nilirudi Kisiwani kuupiga picha mji ule. Filamu moja ilikuwa na picha nane, kwa hiyo sikuchezea. Nilijua ukuta upi unataka jua la asubuhi, na tao lipi lingeanguka kabla sijarudi. Mizizi ya mtini katika ufa wa msikiti mkuu niliipiga miaka tisa, ikinenepa.

Nyuma ya msikiti mmoja mdogo kulikuwa na makaburi ya zamani. La tatu kutoka mlangoni lilikuwa na nguzo, na katika nguzo waashi wa zamani walikuwa wamepachika bakuli la kaure, jeupe lenye maua ya buluu na samaki mmoja katikati. Wanawake wa kisiwani waliweka nadhiri pale, wakaifunga nguzo shuka nyeupe, na bakuli halikuonekana kwa mpita njia. Bibi mmoja ndiye aliyefagia mahali hapo. Mama yake alifagia kabla yake.

"Shikamoo, bibi," nilimwambia kila mwaka.

"Marahaba, mume wangu. Umerudi kuangalia mawe? Mke bado hujapata?"

"Mke si wewe?"

"Siolewi na Mmwera asiye na nyumba. Ukinioa utaniweka wapi, ndani ya hilo sanduku?"

Kisha alifungua shuka taratibu, bakuli likapata jua, nami nikapiga. Mwaka aliponifunulia mara ya kwanza aliniambia nisimzoee. "Tunalifunika kwa sababu. Wewe nakufunulia kwa sababu unarudi."

Picha zilisafishwa Lindi, katika studio pekee iliyokuwapo mjini. Mwenye studio alizipenda, akaomba kuzitundika dirishani na kuuza nakala. Akaniomba pia niandike nyuma ya kila moja imepigwa wapi, maana wateja huuliza. Hakuna mtu aliyewahi kuniomba niandike kitu. Nilichonga penseli, nikaandika kwa mwandiko wangu bora wa darasa la tatu: *Kisiwani, nyuma ya msikiti mdogo, kaburi la tatu kutoka mlangoni, chini ya shuka.* Ndani ya msikiti huo kulikuwa na mabakuli mengine manne ukutani. Nayo niliyaandika, moja moja, kulia na kushoto.

Mwaka ambao ninausema, vita vikubwa vikiwa vimekwisha muda si mrefu, nilifika nikamkuta bibi anafagia. Shikamoo yangu haikujibiwa. Nikairudia.

"Mgeni wako alifika," akasema.

"Mgeni gani?"

"Mzungu. Alikuwa na picha yako mkononi. Akaigeuza, akamsomea mwenye mtumbwi maneno ya nyuma, na mwenye mtumbwi akamleta mpaka hapa. Nikajua umemtuma wewe. Nikamfunulia."

"Halafu?"

"Akaomba maji ya kunywa. Niliporudi na kata ya maji, ana patasi mkononi."

Nguzoni palikuwa na duara jeupe la chokaa, kingo zake zimechimbika. Shuka ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya kaburi. Kukunjwa kule ndiko kulikonichoma zaidi, kana kwamba alikuwa mtu mstaarabu aliyepita kusalimu.

"Na yale manne ya msikitini," bibi akauliza, "umeyaandika pia?"

"Nimeyaandika."

Akaendelea kufagia.

Niliondoka kurudi Lindi siku hiyo hiyo bila kupiga picha hata moja. Mwenye studio alikuwa na desturi ya kubaki na filamu zilizosafishwa, katika mkebe wa biskuti, ili mtu akitaka nakala ipatikane. Nilimwambia anipe zangu.

"Zikikaa kwako zitaoza, ndugu yangu," akasema. "Wewe una kabati? Una hata kitanda? Halafu sikia, picha za mabakuli zinapendwa. Wiki hii wawili wameziulizia." Alinipa habari hiyo kwa furaha.

Niliingiza mkono dirishani, nikazing'oa picha za mabakuli, nikazichana mbele yake. Aliniangalia mpaka nikamaliza, akasema Ijumaa atakuwa amesafisha nyingine. Sikumpiga. Niliuchukua mkebe, nikachambua filamu zangu juu ya meza yake huku akinishika mkono, na nikatoka nazo. Hilo halikuwa rahisi kama ninavyoliandika, na shati langu lilibaki na mkono mmoja.

Mnunuzi wa picha ile, nilivyoambiwa mjini, alikuwa mkubwa wa kampuni moja ya mkonge. Nilimkuta barazani kwake. Bakuli lilikuwa mezani, chokaa ya Kisiwani bado imelishika kitako, na ndani yake majivu ya kiko yamemfunika samaki.

Hakunifukuza. Alijua Kiswahili kizuri, na alipojua ni mimi mpiga picha alifurahi, akaleta albamu. Kumbe naye alikuwa na mji wake. Kila alipopata likizo alipitia Roma, akaupiga picha, miaka ishirini sasa. Akanionyesha nguzo, matao, makaburi ya wafalme. Alieleza jua la saa gani linafaa ukuta upi. Kwa dakika chache, Mungu anisamehe, nilisikia raha, maana sikuwahi kukutana na mtu mwenye ugonjwa wangu.

"Huko Roma," nikamuuliza, "umeng'oa vingapi?"

Alicheka. "Huko ni kosa la jinai."

"Nimekuja kulichukua."

"Pale lingepotea tu," akasema, akagonga kiko chake kwenye ukingo wa bakuli. "Hapa linatunzwa."

Alimwita askari wa mlangoni, nikatolewa.

Nilivuka tena Kisiwani, na bibi aliposikia yote hayo hakunipa pole. "Wewe umeyafunua," akasema, "wewe yafunike." Tuliomba chokaa kwa watu waliokuwa wakichoma matumbawe, akaniletea mchanga kwa ungo. Nilijaza yale manne ya msikitini, bakuli moja baada ya jingine, nikasawazisha mpaka ukuta ukawa ukuta. Kila bakuli lilipokuwa linazama nilitukana kwa Kimwera, na bibi, ambaye hakuelewa neno, aliitikia amina.

"Kazi mbaya," akasema mwishoni. "Hata kupiga lipu hujui."

"Nizibe na lile tundu la kaburini?"

"Liache. Watu waone."

Nilipiga picha moja tu, ya tundu, shuka ikiwa pembeni. Nikaipeleka Lindi kwa mwenye studio, maana hapakuwa na pengine pa kusafishia, naye aliisafisha. Nikachonga penseli palepale mezani kwake. Nikaandika nyuma yake bakuli liko wapi sasa: barabara gani, nyumba ya ngapi kutoka bomani, meza iliyo karibu na mlango, chini ya majivu. Nikamwambia aitundike dirishani, maana wateja huuliza.

Alisoma. Akailaza kifudifudi, akaisukuma kurudi upande wangu.

Nikaomba filamu mpya.

"Zimekwisha," akasema.

Nyuma yake rafu ilikuwa imejaa.