Ndege wa Jiwe na Jina la Mkwe Wangu

Nakumbuka siku moja ya mwanzo wa kifuku, mvua ya kwanza ikiwa imenyesha usiku kucha na asubuhi jua likatoka kali kana kwamba halikuwa na habari. Sogea karibu, mwanangu, maana meno yaliyobaki hayatoshi kupigia kelele. Ulikuwa wakati wa Mjerumani, reli imefika Dodoma juzijuzi tu, na mimi nilikuwa nimeolewa mwaka uleule.

Nyuma ya kijiji cha mume wangu palikuwa na korongo, na ukuta wake ulikuwa wa mawe laini yaliyopangana tabaka juu ya tabaka. Ukilipasua jiwe lake linaachana kama maganda ya kitunguu, na ndani unamkuta ndege amelala. Sisemi mchoro. Nasema mabawa, alama za manyoya, kucha, hata meno mdomoni, kwani ndege wa zama hizo walikuwa na meno, na usinicheke. Chini yao ilikuwepo mifupa ya mnyama ambaye paja lake lilinizidi kimo. Wajukuu waliosoma wananiambia huyo ni dinosaria. Sisi tulisema ni mifupa ya majitu, tukawapitisha mbuzi wetu na kwenda zetu.

Ndipo akaja Mzungu mmoja mwenye ndevu nyekundu, na mkalimani wake. Alitueleza kwamba pale palikuwa na ziwa kubwa kabla hajazaliwa mtu yeyote duniani. Ziwa, hapa Ugogo. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Siku hizi naamini alisema kweli, na hakuwa mtu mbaya. Aliwapenda ndege wake kuliko alivyotupenda sisi, basi. Alitaka wote watolewe kabla mvua hazijawaharibu. Kuchimba kuanzia juu kungechukua muda mrefu, kwa hiyo akawaamuru watu wachimbe kwa chini, waingie ndani ya ukuta wakilifuata tabaka la ndege, huku juu yao umebaki mzigo mzima wa udongo na mawe bila nguzo hata moja. Askari mwenye kiboko alisimama pale nje ahakikishe hatoki mtu bila ruhusa.

Nyapara wa wachimbaji alikuwa baba mkwe wangu. Mume wangu alikuwa mmoja wa watu wake. Nawe unajua, au labda hujui, siku hizi mnaoana tu na kuanza kutaniana na wakwe. Kwetu mkamwana hakumtazama baba mkwe usoni. Hakumsemesha. Jina lake hakulitamka hata akiwa peke yake shambani, na kitu chenye jina linalofanana na hilo alikitafutia jina jingine. Baba mkwe naye, akisikia sauti ya mkamwana, alipaswa kujifanya hajasikia.

Sasa nikueleze habari ya tembe, maana wewe umekulia chini ya bati. Paa la tembe ni udongo mzito juu ya magogo. Likishiba mvua, kabla halijaanguka huanza kumwaga udongo kidogo kidogo, kama mtu anachekecha unga. Kila mtoto wa Kigogo anajua maana yake. Ukiona hivyo hungoji mkubwa atangulie. Unatoka, na uliye naye unamtoa.

Mchana nikapeleka chakula, ugali wa uwele na mlenda. Kwa kawaida nilikwenda na wifi yangu, ambaye ndiye aliyemsemesha baba yake. Siku hiyo wifi alikuwa na homa. Nikafika peke yangu, nikapiga magoti mbali kidogo, nikaangalia pembeni kama inavyotakiwa. Lakini jicho ni jicho. Nikauona udongo unachuruzika kutoka juu ya mdomo wa lile shimo, na unaangukia mgongoni mwa baba mkwe wangu.

Na wote walikuwa na udongo huo shingoni, mwanangu. Walikuwa watoto wa tembe wote. Niliwaona wanajipangusa na kuendelea kuchimba. Vijana walimngoja nyapara aseme. Nyapara aliogopa kiboko cha askari. Askari alimngoja Mzungu, na Mzungu alikuwa kwenye hema lake anampiga brashi ndege. Mimi nikamngoja nani? Nilimngoja mume wangu anitazame, na hakunitazama.

Nikasema kwa sauti, nikiwa bado nimeangalia pembeni, "Udongo unamwagika."

Askari akageuka. "Nyamaza, mwanamke. Weka chakula uondoke."

Baba mkwe wangu akainama zaidi. Hakusikia, kwa sababu hakuruhusiwa kusikia. Jiwe la ukubwa wa ngumi likaanguka karibu na kisigino chake. Nikasimama, nikamtazama, nikaita kwa nguvu zangu zote.

"Ndahani. Toka humo."

Masururu yote yalinyamaza. Hata leo ulimi wangu unasita kulitamka jina hilo. Alitoka mle ndani uso umemvimba kwa hasira, akampita askari kana kwamba hayupo, akaja kwangu kidole kimeinuliwa. Na kwa sababu nyapara ametoka, watu wake wakamfuata. Kidole kilikuwa bado juu ukuta uliposhuka. Vumbi likatufunika. Wa mwisho kutoka alikuwa mume wangu, na mawe yakamkamata mguu.

Mzungu alikuja mbio bila kofia. Nakiri kwamba aliwahesabu watu kwanza, ndipo akakaa chini akawalilia ndege wake.

Kijijini wanawake walisema nimemvua nguo mzee mbele za watu. Wazee wakakaa, wakaamua baba yangu alete mbuzi wa faini. Baba yangu hakuwa na mbuzi, wote walikwisha kwa ugonjwa. Baba mkwe wangu akamtuma binti yake kwa njia ya nyuma ampelekee baba yangu mbuzi kutoka zizi lake mwenyewe, ili baba aje alipe faini kwa mbuzi huyohuyo. Wazee wakapokea, desturi ikatimia, nami sikujua jambo hilo mpaka wifi aliponiambia.

Baada ya hapo mzee akaniita uani. Mume wangu alikuwa amelala kivulini, mguu umefungwa vijiti. Haukunyooka tena maisha yake yote.

"Mkamwana," akasema, "udongo uliuona lini?"

"Nilipofika, baba."

Akautazama mguu wa mwanawe. Kisha akanitazama mimi, usoni.

"Siku nyingine, niite ukifika."

Hilo ndilo nililokuitia, mwanangu. Waheshimu wakubwa, mpishe mzee njia, shikamoo isikauke mdomoni mwako. Lakini ukiona udongo unamwagika juu ya mtu, awe mwalimu wako, bwana wako, au mkubwa wa kazi, usikae kumngoja mwenye haki ya kusema. Sema ukifika. Ukikosea, utalipa mbuzi. Na kama aliye chini ya udongo huo ni mimi bibi yako, hata kwa ukaidi wangu, usinionee haya.

Mungu akupe jicho la kuona mapema na sauti isiyokwama kooni. Akujalie wakubwa wanaotoka wakiitwa. Na siku utakapokuwa mkubwa wewe, mdogo wako akikuita, utoke.