Bolti ya Gia Boksi

Gia boksi ilianza tena kuvuja oili, nikalala chini ya gari uani kwangu Magomeni niifungue mwenyewe. Fundi aliyeitengeneza mara ya kwanza alikuwa rafiki yangu, msimamizi wa harusi yangu. Meno ya tundu la bolti ya kumwagia oili yalikuwa yameliwa, naye akaniapia kwamba ameyachonga upya na kufunga bolti mpya ya Kariakoo. Mjinga mimi, nikamwamini.

Bolti ikatoka kwa vidole, bila spana. Ilikuwa ileile ya zamani, imezungushiwa kitambaa na kupakwa sabuni ya mche. Nikakikunjua, nikakifuta oili. Kilikuwa kitenge cha zambarau, sare ya harusi yangu. Kumbe shati lake alishaligeuza tambara la gereji.